Sinema za Kusikiliza: Maoni ya Mtazamaji juu ya Picha Zisizothaminiwa

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta humu tenzi zilizohaririwa, orodha za maneno ya lahaja, na mabishano yasiyokwisha juu ya ngeli. Habari za sinema ni nadra, na atakayeona kwamba si mahali pake hatakosa wa kumwunga mkono. Nami si mjuzi wa sinema. Kazi yangu ni isimu, na sinema naitazama kama atazamavyo mtu yeyote baada ya chakula cha jioni. Lakini mtu aliyefundishwa kusikiliza hawezi kuliziba sikio lake kwa kuwa taa zimezimwa, na kwa muda mrefu nimeona kwamba picha zinazosifiwa kwetu husifiwa kwa jicho tu. Wahakiki husema habari za mwanga, mavazi, na tuzo zilizoletwa kutoka ng'ambo. Maneno yanayosemwa na watu walio ndani ya picha hayana wa kuyapima. Kwa sababu hiyo zipo kazi kadhaa ambazo thamani yake iko katika maneno, au katika kunyamaza, nazo zimepita bila ya kusikiwa. Hizo ndizo nitakazozungumzia.

Sitasema mengi juu ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka katika riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999. Picha hiyo ilioneshwa Toronto mwaka 2021, na mwaka 2022 ikapata Tanit ya Dhahabu huko Carthage. Ni kazi njema, imepata haki yake, wala haihitaji mtetezi kutoka Musoma. Nianze mahali pengine, mahali ambapo wengi wetu tunaona haya kupataja.

Nilikulia Kitaji, mjini Musoma. Televisheni ilikuwa haijafika Tanzania Bara. Zanzibar walikuwa nayo tangu mwaka 1973, bali sisi tulingoja hadi 1994, tena ilipoanza Dar es Salaam haikutufikia sisi mara moja. Kilichotufikia kwanza kilikuwa kibanda cha video. Dar es Salaam huita nyumba ya namna hiyo kibanda umiza, kwa joto lake na mabenchi yake. Sisi tulisema tu tunakwenda video. Ilikuwa nyumba ya mabati na turubai, deki moja, televisheni moja, na jenereta iliyolia nje. Na mbele, kando ya televisheni, alikaa mtu mwenye kipaza sauti. Huyo ndiye mfasiri. Siku hizi watu wa kazi hiyo huitwa madijei, na picha zao huuzwa zikiwa zimetangazwa kwa maandishi makubwa kwamba zimetafsiriwa. Aliyevuma kuliko wote alikuwa Lufufu wa Dar es Salaam, ambaye kanda zake nilizikuta Musoma katika ujana wangu. Lakini wa kwetu hakuwa na jina nje ya Kitaji. Mchana alishughulika na dagaa, na jioni alishika kipaza sauti.

Nikumbushe picha moja tu, First Blood, ya mwaka 1982. Kila mtu anajua habari zake: Rambo, askari aliyerudi kutoka vita vya Vietnam, anaingia katika mji mdogo wa Marekani, mkuu wa polisi wa mji ule anamfukuza kama mzururaji, na vita vinazuka. Baadaye anafika Kanali Trautman, aliyekuwa mkubwa wake jeshini, kuja kumtoa msituni. Mfasiri wetu alimwita mkuu wa polisi "mtendaji wa kata", na kibanda kizima kikaelewa mara moja uzito na wepesi wa cheo kile. Lakini jambo kubwa alilifanya kwa Trautman. Alisema, "Huyu ni mjomba wake." Katika Kiingereza cha picha hakuna neno kama hilo, wala undugu kama huo. Mtu aliyesoma atasema mfasiri amedanganya.

Nilisema hivyo mwenyewe. Miaka mingi baadaye, katika semina moja nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu huko Ujerumani, nilitoa mfano huo mbele ya wenzangu kuonesha jinsi tafsiri isiyo na elimu inavyoharibu matini. Watu walicheka sana, nami nikafurahi kwamba nimewachekesha. Nautaja mkutano ule kwa kuwa makala haya kwa sehemu ni deni langu kwa mtu yule.

Tuangalie alichokifanya. Mtazamaji wa Kitaji aliyemwona Trautman akishuka ghafula katikati ya picha alikuwa na swali moja: mzee huyu anamtakia nini kijana huyu? Mamia ya askari wanataka kumwua, naye peke yake anataka kumtoa hai. Jeshi la Marekani lina sababu zake, lakini sababu hizo hazikuwa na nguvu ndani ya kibanda kile. Mfasiri alitafuta katika lugha yake neno moja la kubeba sababu yote, akalipata. Angeweza kusema baba mdogo. Hakusema, maana baba mdogo kwetu mnaweza kugombea naye shamba. Angeweza kusema baba, lakini baba angefika na fimbo. Mjomba ndiye mtu anayeweza kuja kutoka mbali, bila ya mali yoyote kumvuta, kumsemesha mpwa aliyewashinda wengine wote. Basi neno lile limeeleza kwa silabi tatu kile ambacho picha yenyewe inahitaji mazungumzo marefu ya redio ya upepo ili kukieleza. Nadhani mtu afasiriye namna hiyo ameisoma matini kuliko mimi niliyemcheka.

Tena tatizo hili si la vibandani tu. Kila anayefasiri kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili hulikuta, kwa kuwa Kiingereza hutosheka na neno moja kwa ndugu wa mama na ndugu wa baba, na Kiswahili hakitosheki. Mfasiri hana ruhusa ya kutojua. Lazima aamue, na uamuzi wake ni uhakiki. Kutoka Kitaji hadi Butiama si mbali, nako ndiko alikotoka Mwalimu Nyerere, aliyefasiri Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963, akaitengeneza upya na kuitoa tena mwaka 1969, mwaka aliotoa pia Mabepari wa Venisi. Tafsiri hizo tumezisoma shuleni, tumeziandikia tasnifu, na ni haki yake. Sidai kwamba mtu wa dagaa alikuwa sawa na Mwalimu. Ninalodai ni dogo zaidi: kwamba wote wawili walikaa mbele ya maneno ya kigeni wakijiuliza Mtanganyika atayasikiaje, na mmoja wao hatujamwandikia hata ukurasa mmoja. Aliyewaandikia watu wa kazi yake ni mgeni, Matthias Krings wa Chuo Kikuu cha Mainz, ambaye katika kichwa cha makala yake alitumia mfano wa kugeuza wali kuwa pilau. Mfano ule ni mzuri, na ni aibu kidogo kwamba tumeletewa na mgeni.

Makosa ya wafasiri nayajua. Wengi hawawezi kunyamaza. Hata mahali penye muziki tu watasema, kana kwamba mtazamaji amelipia idadi ya maneno. Wanawake katika picha wanawatia maneno machafu ambayo hawakuyasema. Tena kuna suala la haki: picha si zao, na kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 kazi yao haina pa kusimama bila ya idhini ya mwenye picha. Hayo ni kweli. Lakini jambo laweza kuwa haramu sokoni na bado likawa na elimu ndani yake, na sisi watu wa lugha hatukuajiriwa kuwa mapolisi wa kanda.

Desturi yenyewe ni ya zamani kuliko deki. Mwaka 1935, miaka mitano tu baada ya Kamati ya Lugha kuanza kazi ya kusanifisha Kiswahili, Mwingereza Notcutt na wenzake walianza huko Vugiri, Usambara, jaribio la sinema za mafunzo lililoendelea hadi 1937. Picha zao zilikuwa kimya, na maelezo ya Kiswahili na ya lugha nyingine yalinaswa katika sahani za santuri ili yapigwe picha ikienda. Baadaye yakaja magari ya sinema ya serikali, yaliyokuwa na mtu wa kueleza kwa kipaza sauti katika viwanja vya vijijini. Na mwanzoni mwa miaka ya 1950 zikatengenezwa Tanganyika picha za hadithi kwa Kiswahili, mojawapo Muhogo Mchungu, ambayo nyota wake alikuwa kijana Rashidi Kawawa, yule yule aliyekuja kuwa Waziri Mkuu. Watu wengi humkumbuka Kawawa kwa siasa; ni wachache wanaokumbuka kwamba sauti yake ilijulikana katika turubai la sinema kabla ya kujulikana bungeni. Mtu wa Kitaji aliyekaa kando ya televisheni alikuwa amekalia kiti kilichokwisha kukaliwa.

Sasa niiendee picha ambayo naiona kuwa imedharauliwa kuliko zote, nayo ni Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, ya mwaka 2001. Ndiyo picha ya kwanza ambayo Tanzania iliipeleka Marekani kugombea tuzo ya Oscar kwa picha za lugha za kigeni. Haikuteuliwa. Tangu hapo hutajwa kwa sentensi hiyo moja, kisha mtajaji hupita. Habari yenyewe ni hii: daktari wa akili kutoka Marekani, Asira, mwanamke mwenye asili ya Kiafrika, anakuja kufanya kazi katika hospitali ya Tanzania, na huko anamkuta mgonjwa, Samehe, ambaye kwa miaka ishirini hajasema neno. Samehe hutokewa na mzimu wa kale, Maangamizi, katika umbo la mwanamke mzee. Asira anachezwa na BarbaraO, Samehe na Amandina Lihamba, na mzee yule na Mwanajuma Ali Hassan.

Picha ina kasoro. Kiingereza kimezidi mno, na mahali pengine mafumbo yake yamebebeshwa mzigo hadi yanayumba. Lakini nijuavyo mimi hakuna kazi nyingine ya sinema kwetu iliyothubutu kumweka mtu asiyesema katikati ya hadithi na kutuacha tumsikilize. Lihamba, aliyefundisha sanaa za maonesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na ambaye sauti yake ya jukwaani ni kubwa, hapa anaizuia kooni, nasi twaiona ikizuiliwa. Isimu tuliyofundishwa haina mlango mzuri wa kuingilia jambo hili. Tuna majina ya kila sauti inayotoka. Ile inayokataa kutoka hatuna jina lake.

Niliichukua picha hii katika kompyuta nilipokwenda likizo Kitaji, nikamwonesha shangazi yangu pamoja na majirani wawili. Ilipoanza Kiingereza waligeuka wote wakanitazama. Nikaanza kufasiri. Kwa dakika kumi za kwanza nilifasiri kama mwalimu, sentensi kwa sentensi, nikichelewa kila mara, nikisema "anadai kwamba" na "kwa mujibu wa daktari". Majirani walivumilia kwa adabu. Kisha mwanamke mzee akatokea, na shangazi akauliza, "Huyu bibi ni wa kuumeni au kuukeni?"

Sikuwa na jibu. Nikasema kwamba ni mzimu, ni kama mhenga wa wote. Shangazi akasema, "Mhenga wa wote hatokei kwa mtu. Anayemtokea mtu ana jambo naye." Akangoja. Nami nikakumbuka kibanda, na mjomba wa Rambo, na kicheko cha semina. Mfasiri wetu asingesubiri kuulizwa. Angekwisha kuamua, na hadithi ingekwenda. Sisemi kwamba ingekwenda mahali pake, maana labda picha hii inataka mzee yule asiwe na upande. Lakini angalau angejua kwamba hapo pana swali, ilhali mimi nilikuwa nimeitazama picha ile mara tatu peke yangu nisilione. Mwishoni nilisema ni wa kuukeni. Shangazi akaitikia kwa kichwa, tukaendelea.

Kabla ya Maangamizi, Mulvihill alikuwa amekwisha kufanya kazi nchini, pamoja na Nangayoma Ng'oge, katika Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985. Ni picha fupi, haifiki dakika arobaini, juu ya mwanamke mgonjwa anayewaogopa waganga wa jadi na ambaye njia ya kupona inampeleka kwao. Inastahili kutazamwa shuleni, kwanza kwa sababu mganga ndani yake hakufanywa kichekesho. (Kichwa chake kimeandikwa Arusi, bila ya h, watu wa kamusi waifurahie.)

Kwa upande wa televisheni nitaje Siri ya Mtungi, iliyoanza kuoneshwa mwaka 2012. Ilitengenezwa na Media for Development International chini ya Jordan Riber, kwa fedha za msaada wa Marekani, na kusudi lake lilikuwa kufundisha mambo ya afya. Kwa hiyo imehukumiwa kama somo la afya. Atakayeitazama leo, akiyasahau hayo, atakuta jambo jingine: Cheche, mpiga picha wa Bagamoyo, na jamaa zake wanaosema kama watu wasemavyo. Wanakatizana. Wanaanza sentensi na kuiacha, kwa kuwa mwenzake amekwisha kuelewa. Mtu akitaka kusema uongo anaanza kwa salamu ndefu. Tamthilia zetu nyingi zina desturi mbaya ya kumpa kila mtu hotuba, mmoja amalize ndipo mwingine aanze, kama bungeni. Hapa mwandishi amejua kwamba mazungumzo ya watu wa nyumba moja hayana spika. Mwanafunzi wangu atakaye kuchunguza maongezi ya Kiswahili namwelekeza huko kabla ya kumpa kinasa sauti.

Jambo moja linaniuma, nalo si la kazi hiyo bali la vichekesho vyetu kwa jumla. Mtu wa Mara akitiwa katika picha, aghalabu ni mlinzi au askari, na kichekesho ni ulimi wake. Mkurya husema "kurara" kwa "kulala", kwa kuwa lugha yake ya nyumbani ina r na haina l. Hiyo ni fonolojia safi, haina uhusiano wowote na akili. Lakini katika picha zetu mwenye hekima husema Kiswahili cha Dar es Salaam, na mwenye r hufungua geti. Nimeketi Musoma na watoto waliocheka lafudhi ya baba zao. Sitaki lafudhi ziondolewe. Vioja Mahakamani ya Kenya imeishi kwa lafudhi miongo mingi. Lakini sikilizeni tofauti: kule mshitakiwa mwenye lafudhi nzito anasimama kizimbani na kumzungusha mwendesha mashtaka kwa maneno hadi mahakama nzima inachoka. Anachekwa, naam, ila yeye ndiye mwenye mchezo. Kipindi kile kimedharauliwa na wasomi kwa kuwa ni cha kuchekesha, nami naona kinajua jambo juu ya lugha na mamlaka ambalo tumeliandika kwa uchovu katika vitabu vingi.

T-Junction ya Shivji, ya mwaka 2017, imesemwa kidogo kwa sababu Vuta N'kuvute imeifunika. Msichana Fatima amefiwa na baba ambaye hakumjua vizuri. Hospitalini anakutana na Maria, ambaye anamsimulia habari za watu wa njia panda moja. Anasimulia kwa vipande, leo kidogo na kesho kidogo, na Fatima anarudi kwa ajili ya kipande kinachofuata. Ni ufundi wa hadithi za bibi, nao haukutangazwa, umefanywa tu. Naipenda picha hiyo kuliko ile kubwa, na najua ni wachache tutakaokubaliana.

Nirudi Kitaji nilipe deni. Mfasiri amekwisha kufariki. Kibanda kimekuwa mahali pa kuoneshea mpira. Mwenye kibanda alikuwa na desturi ya kunasa sauti ya kipaza katika kanda, ili siku mfasiri akiwa ziwani picha isikose maneno. Nilipomwuliza, alinitolea chini ya kitanda sanduku la kanda zilizoota ukungu. Nyingi zilikuwa zimenaswa mpira juu yake. Moja ilikuwa First Blood.

Nilipata deki ya kuazima Dar es Salaam, nikaisikiliza peke yangu ofisini. Sauti ni hafifu na jenereta inasikika nyuma ya kila neno. Mjomba yupo. Mtendaji wa kata yupo. Kisha ukafika mwisho, pale Rambo, akiwa amezingirwa, anapovunjika moyo mbele ya Trautman na kulia, akisema maneno mengi sana juu ya vita na rafiki aliyefia mikononi mwake. Nilikaa tayari na kalamu, maana ndiyo hotuba ndefu kuliko zote katika picha, na nilitaka kuona ataifasiri vipi mtu huyu ambaye nimeandika hapo juu kwamba wenzake hawawezi kunyamaza. Alisema, "Sasa analia kwa mjomba wake." Akaacha kusema. Kwa zaidi ya dakika mbili kanda ina jenereta, na Kiingereza kwa mbali, na mtu mmoja katika mabenchi akikohoa.

Kanda hiyo ninayo. Ukungu umeanza tena pembeni, na deki si yangu.